RAMANI YA DHANA KATIKA DARASA LA KIPAIMARA: KUJIFUNZA KATEKISIMO KWA KUSHIRIKIANA

Utangulizi

Kila mchungaji aliyepata kufundisha darasa la kipaimara analijua jambo hili. Kijana anasimama mbele ya wazee wa kanisa, anakariri sehemu ya Ubatizo Mtakatifu bila kukosea neno, na wote wanaridhika. Lakini akiulizwa maji ya ubatizo yanahusianaje na imani, au ubatizo aliopewa utotoni unahusianaje na toba yake ya leo, ananyamaza. Maneno yote anayo. Asichokuwa nacho ni uhusiano kati ya neno na neno.

Upungufu huu si mdogo. Baada ya miaka michache kijana huyo atatoka kijijini kwenda kusoma au kutafuta kazi mjini, na huko atakutana na mhubiri atakayemwambia kwamba ubatizo wake wa utotoni si kitu, kwa kuwa hakuwa na imani alipobatizwa. Ikiwa katika akili yake “maji”, “Neno”, “ahadi” na “imani” ni vipande vilivyolala kila kimoja mahali pake, hatakuwa na la kujibu. Hatashindwa kwa sababu hakufundishwa, bali kwa sababu alichofundishwa hakikupata kuunganishwa.

Makala haya yanakusudia kueleza njia moja ya kufundishia inayoweza kumsaidia mchungaji, mwinjilisti au mwalimu wa dini katika tatizo hili, nayo ni kuchora ramani ya dhana kwa kushirikiana. Tutaeleza kwanza ramani ya dhana ni nini na ilitoka wapi, kisha mahali pake katika mafundisho ya Katekisimo. Baadaye tutatoa mfano unaofaa vijana wa bonde la Mkondoa, wilayani Kilosa, na kuonyesha utaratibu wa kuifanya kazi hiyo darasani. Mwisho tutataja mipaka ya njia yenyewe.

1. Ramani ya dhana ni nini?

Ramani ya dhana ni mchoro unaoonyesha jinsi mtu anavyoyahusisha mawazo yake kuhusu jambo fulani. Ina sehemu tatu. Ya kwanza ni dhana zenyewe, ambazo huandikwa kwa neno moja au mawili ndani ya duara au kisanduku: mvua, mto, toba, ahadi. Ya pili ni mishale inayotoka dhana moja kwenda nyingine. Ya tatu, ambayo ndiyo roho ya ramani, ni neno la kiungo linaloandikwa juu ya kila mshale: huleta, hutokana na, hupokea, huzuia. Dhana mbili zikiunganishwa kwa neno la kiungo hufanya sentensi kamili, na sentensi hiyo yaweza kuwa kweli au si kweli.

Hapa ndipo ramani ya dhana inapotofautiana na orodha, na hata na michoro mingi ambayo walimu wamezoea kuichora ubaoni. Orodha haimlazimishi mwanafunzi kusema lolote kuhusu uhusiano wa vitu vilivyoorodheshwa. Mchoro wenye mistari mitupu nao humwezesha kuunganisha bila kusema ameunganisha kwa nini. Lakini anayeandika kwamba toba huleta ubatizo, na mwenzake anayeandika kwamba ubatizo hudai toba ya kila siku, wamesema mambo mawili tofauti, na tofauti hiyo imeonekana wazi kwa wote wawili na kwa mwalimu wao.

Ramani nzuri huanza na swali moja linaloiongoza. Tukisema tu, “Chora ramani ya Ubatizo,” wanafunzi watatawanya maneno. Tukiuliza, “Maji yawezaje kutenda mambo makuu namna hii?” kila dhana itakayowekwa italazimika kusaidia kulijibu swali hilo. Kwa kawaida dhana pana huwekwa juu, na zilizo finyu na mifano huwekwa chini. Ramani iliyokomaa huwa pia na mishale inayovuka kutoka upande mmoja hadi upande mwingine, na mara nyingi ndiyo inayoonyesha kwamba mwanafunzi ameona jambo ambalo hakuambiwa.

2. Chimbuko lake

Njia hii ilianzishwa mwaka 1972 na Joseph D. Novak pamoja na wenzake katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Walikuwa wakifuatilia jinsi uelewa wa watoto kuhusu sayansi unavyobadilika kadiri wanavyokua. Walipata kurasa nyingi za mahojiano na watoto, wakahitaji namna fupi ya kuonyesha kile ambacho mtoto anakifahamu. Walijenga juu ya nadharia ya mwanasaikolojia David Ausubel, ambaye katika miaka ya 1960 alifundisha kwamba jambo linaloathiri kujifunza kuliko yote ni kile ambacho mwanafunzi anakijua tayari. Mafunzo mapya yakishikamana na yale ya zamani, mtu amejifunza kwa maana. Yasiposhikamana, amekariri tu, na kilichokaririwa hivyo hupotea upesi. Mwaka 1984 Novak na D. Bob Gowin waliieleza njia hiyo kwa walimu katika kitabu chao kuhusu kujifunza namna ya kujifunza.

Katika Afrika njia hii haikuchelewa kufanyiwa majaribio. Nchini Nigeria, Peter Okebukola na Olugbemiro Jegede walichapisha mwaka 1988 uchunguzi wao juu ya wanafunzi wa biolojia. Waliochora ramani kwa vikundi walipata uelewa wa maana kuliko wale waliochora kila mtu peke yake. Hapa Afrika Mashariki, Fred Keraro, Samuel Wachanga na William Orora walifanya uchunguzi katika shule nne za sekondari zenye wavulana na wasichana katika Wilaya ya Gucha, nchini Kenya, wakauchapisha mwaka 2007. Shule mbili zilifundishwa biolojia kwa kuchora ramani za dhana kwa kushirikiana kwa muda wa majuma matano, na mbili zikafundishwa somo lile lile kwa njia za kawaida. Wale wa vikundi vya ramani walionekana kuwa na ari kubwa zaidi ya kujifunza, na hapakuwa na tofauti ya maana kati ya wavulana na wasichana. Kwa darasa la kipaimara, ambamo mara nyingi wasichana husikiliza na wavulana husema, jambo hilo la mwisho linastahili kuangaliwa.

3. Mahali pake katika mafundisho ya Katekisimo

Mtu aweza kuuliza kama njia iliyotoka katika somo la sayansi ina nafasi katika mafundisho ya Kanisa. Tukitazama historia yetu wenyewe tutaona kwamba haja ya njia kama hii ilionekana zamani. Luther aliandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529 baada ya ukaguzi wa sharika za Saxony, ambako aliwakuta watu wa vijijini, na hata wachungaji wengi, katika hali ya kutojua. Sehemu za Katekisimo hiyo zilitolewa kwanza kwa karatasi kubwa za kubandikwa ukutani, ili jamaa ya nyumbani iwe na mafundisho mbele ya macho yake. Tena baada ya kila amri, kila sehemu ya Imani na kila ombi, Luther aliweka swali linalodai maana. Hakuridhika na maneno peke yake.

Hata hivyo ni lazima tuwe waangalifu, maana wako wanaotaka kutupa kukariri kwa jina la kufahamu. Katika dibaji ya Katekisimo Ndogo Luther aliweka mpangilio wa hatua tatu. Kwanza, mwalimu achague namna moja ya maneno na kuwafundisha vijana neno kwa neno bila kubadili-badili. Pili, wakiisha kuyajua maneno, awafundishe maana. Tatu, aendelee na Katekisimo Kubwa ili wapate ufahamu mpana zaidi. Ramani ya dhana ni chombo cha hatua ya pili. Inayakuta maneno yakiwa yamekwisha kuingia moyoni, nayo inauliza yanahusianaje.

Utafiti wa miaka ya karibuni unaunga mkono mpangilio huo. Mwaka 2006 John Nesbit na Olusola Adesope walikusanya matokeo ya tafiti 55 zilizohusu watu 5,818, wakaona kwamba ramani za namna hii kwa jumla huwasaidia wanafunzi kushika walichojifunza. Lakini mwaka 2011 Jeffrey Karpicke na Janell Blunt, wa Chuo Kikuu cha Purdue, walionyesha kwamba wanafunzi waliosoma andiko, wakalifunga na kujaribu kulikumbuka, walijifunza zaidi ya wale waliochora ramani huku andiko likiwa wazi mbele yao. Uchunguzi wao wa baadaye, uliotolewa mwaka 2014, ulionyesha kwamba ramani ikichorwa kwa kukumbuka, kitabu kikiwa kimefungwa, nayo huleta faida hiyo ya kukumbuka. Kwa mwalimu wa kipaimara fundisho ni rahisi: vijana wakariri kwanza, wafunge Katekisimo, wachore, ndipo wafungue na kusahihisha. Ramani inayonakiliwa kutoka kitabuni ni kazi ya mkono tu.

4. Mfano: maji ya Mkondoa na maji ya ubatizo

Ikiwa Ausubel alisema kweli, mwalimu hawezi kuanza na kile asichokijua mwanafunzi. Basi tuchukue darasa la vijana wa Munisagara, au wa kijiji kingine chochote katika bonde la Mkondoa juu ya mji wa Kilosa. Je, vijana hao wanajua nini kuhusu maji?

Wanajua mengi kuliko mwalimu aliyetumwa kutoka mjini. Munisagara ni moja ya stesheni za Reli ya Kati upande wa magharibi wa Kilosa, mahali ambapo reli inaufuata Mto Mkondoa kupita katikati ya milima ya Usagara. Mto huo ndio unaonywesha mashamba ya bondeni, na mto huo huo ndio unaoyachukua. Kuelekea mwisho wa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 ulifurika, ukabomoa nyumba Kilosa, ukaharibu mashamba, na maelfu ya watu wakahamia kambini. Reli kati ya Kilosa na Gulwe ilikatika, nayo imeharibiwa na maji mara nyingine nyingi kabla na baada ya hapo. Kijana wa huko hahitaji kuelezwa kwamba maji huua na maji huhuisha.

Mwalimu na aanze na ramani ambayo si ya dini, kwa swali hili: “Kwa nini Mkondoa hufurika?” Vijana watatoa dhana wenyewe: mvua, milima, miti, mkaa, moto wa porini, udongo, mchanga, mto, tuta, reli, shamba. Kisha wataziunganisha. Miti hushika udongo. Mkaa hutokana na miti. Mvua huchukua udongo usioshikwa. Udongo hujaza mto. Mto uliojaa mchanga huvuka kingo. Maji huharibu shamba. Lakini pia, maji huacha rutuba katika shamba. Na huo ndio mshale unaovuka, maana unaonyesha kwamba jambo moja laweza kuleta hasara na faida kwa pamoja. Zoezi hili lafaa kipindi kimoja tu. Kazi yake ni kuwazoeza kuchora katika jambo wasiloliogopa, na kuwaonyesha kwamba ujuzi wao wenyewe unahesabiwa.

Kipindi kinachofuata swali ni la Katekisimo: maji yawezaje kutenda mambo makuu namna hii? Wakiwa wamekwisha kukariri majibu ya sehemu ya Ubatizo, vitabu vikiwa vimefungwa, waziandike dhana hizi: maji, Neno la Mungu, amri, ahadi, imani, msamaha wa dhambi, utu wa kale, utu mpya, toba ya kila siku. Kikundi kitakachofika mahali pazuri kitakuwa na sentensi kama hizi. Maji huunganishwa na Neno la Mungu. Neno hubeba amri na ahadi. Ahadi hutoa msamaha wa dhambi. Imani huitegemea ahadi. Ubatizo huashiria kuzamishwa kwa utu wa kale. Toba ya kila siku hurudi kwenye ubatizo.

Katika sentensi hizi imo silaha yote anayohitaji kijana yule wa utangulizi. Ataona kwa macho yake kwamba mshale hautoki kwenye imani kwenda kwenye maji, kana kwamba imani yetu ndiyo inayoyapa maji uwezo. Unatoka kwenye Neno. Na imani inashika kile ambacho Neno limekwisha kutoa. Mtu akimwambia kwamba ubatizo wake haukuwa kitu kwa sababu alikuwa mtoto mchanga, anaweza kuuliza, “Je, Mungu hakuwa ametoa ahadi yake?”

Hatimaye ramani mbili ziwekwe pamoja. Mwalimu aulize kama upo mshale unaoweza kutoka katika ramani ya mto kwenda katika ramani ya ubatizo. Luther mwenyewe, katika utaratibu wa ubatizo alioutoa mwaka 1523 na tena mwaka 1526, aliweka sala inayokumbuka gharika ya Nuhu na kuvuka kwa Israeli katika Bahari ya Shamu: maji yale yale yaliyohukumu yakaokoa. Mtoto wa mahali pasipo mafuriko huisikia sala hiyo kama habari ya kale. Mtoto wa Mkondoa anaweza kuuchora mshale huo mwenyewe, na akiuandika kwamba maji huzamisha cha kale na kuacha kipya, hatausahau.

5. Kwa nini kwa kushirikiana?

Mtu mmoja aweza kuchora ramani peke yake, na kwa mwanafunzi wa theolojia anayejiandaa kwa mtihani hilo ni jema. Lakini kwa vijana wa kipaimara ziko sababu tatu za kuchora pamoja.

Kwanza, neno la kiungo hudai mabishano. Wanne wakikaa kuizunguka karatasi moja, mmoja husema imani “huleta” ahadi na mwingine husema “hupokea”. Hawawezi kuandika yote mawili. Ni lazima kila mmoja atoe sababu, na katika kutoa sababu ndimo anamofahamu.

Pili, vijana husemezana kwa lugha yao. Darasa la Kilosa aghalabu lina watoto wa Wasagara na Wakaguru, pamoja na wajukuu wa watu waliokuja kutoka mbali kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Kiswahili cha ibada si lazima kiwe Kiswahili cha nyumbani. Mwenzake anaweza kumwambia kwa maneno mawili kile ambacho mchungaji alikieleza kwa nusu saa.

Tatu, Kanisa lenyewe limeumbwa hivyo. Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 12, anafundisha kwamba karama ziligawiwa kwa watu mbalimbali kwa faida ya wote. Katika Nehemia 8 Torati inaposomwa mbele ya kusanyiko, Walawi wanawafahamisha watu yale yaliyosomwa. Na Filipo, katika Matendo 8, anapanda garini na kuketi pamoja na yule Mwethiopia kabla ya kumfafanulia andiko. Kufahamu Neno tangu mwanzo kumekuwa kazi ya watu walioketi pamoja.

6. Utaratibu wa darasani

Kazi hii haihitaji vifaa vya gharama. Zikipatikana karatasi za manila, vema. Zisipopatikana, nyuma ya kalenda za zamani panafaa, na hata sakafu na chaki, au uwanja wa kanisa na kijiti. Dhana ziandikwe katika vipande vidogo vya karatasi ili viweze kusogezwa kabla ya kubandikwa, maana ramani ya kwanza haiwi ya mwisho.

(a) Mwalimu aandike swali ubaoni, na vijana wakariri kwa pamoja sehemu inayohusika. Kisha vitabu vifungwe.

(b) Darasa ligawanywe katika vikundi vya watu wanne au watano. Mwalimu awachanganye mwenyewe. Wakiachiwa wachague, wanaojua wataketi pamoja na wasiojua wataketi pamoja.

(c) Kila kijana apewe vipande viwili au vitatu vya dhana viwe vyake. Hakuna atakayeruhusiwa kukiweka kipande cha mwenzake. Kwa kanuni hii moja binti mnyamavu hupata zamu ya kusema, na yule mwenye sauti kubwa hulazimika kungoja.

(d) Hakuna kipande kitakachowekwa mpaka mwenye nacho ametamka sentensi nzima: dhana, kiungo, dhana. Wenzake wakikubali, mwandishi anaandika. Wasipokubali, kipande kikae pembeni mpaka mwisho.

(e) Mwandishi abadilishwe katikati ya kazi.

(f) Baada ya dakika kama 30 vitabu vifunguliwe. Kila kikundi kilinganishe ramani yake na Katekisimo, na kisahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine ili kosa na sahihisho vyote vionekane.

(g) Ramani zitundikwe, na kila kikundi kitume mjumbe mmoja kueleza mshale mmoja tu: ule waliobishania zaidi.

Wakati wote huo mwalimu apite kati ya vikundi na azuie ulimi wake. Akiulizwa, “Mchungaji, ni hivi?” ajibu kwa kuuliza, “Isome sentensi yako kwa sauti. Je, ndivyo unavyoamini?” Akianza kusahihisha mapema, vijana wataacha kufikiri na kuanza kukisia anachotaka yeye.

7. Mshale mmoja

Faida kubwa kuliko zote ya ramani ya dhana ni kwamba humfunulia mwalimu kile ambacho vijana wanaamini kwa kweli, ambacho mara nyingi si kile wanachokariri. Tutoe mfano wa neno moja, “haki”.

Katika Kiswahili cha kila siku haki ni kile mtu anachostahili kupewa. Kibarua hudai haki yake mwisho wa mwezi. Mjane hutafuta haki yake barazani. Kijana huleta maana hiyo darasani, na si kosa lake. Kisha husikia habari za kuhesabiwa haki. Akiulizwa kuunganisha “matendo mema” na “haki mbele za Mungu”, yamkini atauchora mshale kutoka matendo kwenda kwenye haki na kuandika “huleta”. Ndivyo neno lilivyo barazani: aliyefanya kazi hupata haki yake.

Sasa mshale ugeuzwe. Haki mbele za Mungu huzaa matendo mema. Maneno ni yale yale, vipande ni vile vile, kilichobadilika ni kichwa cha mshale na neno moja la kiungo. Lakini ramani ya kwanza ni sheria, na ya pili ni Injili. Hili ndilo jambo lililokiriwa mbele ya Kaisari huko Augsburg mwaka 1530, katika kifungu cha nne kuhusu kuhesabiwa haki na kifungu cha sita kuhusu utii mpya. Kijana anaweza kukariri maelezo ya sehemu ya pili na ya tatu ya Imani kwa miaka miwili ya mafundisho huku moyoni mwake mshale ukielekea upande usio wake. Kukariri peke yake hakuwezi kuufunua mshale huo. Ramani huufunua kwa dakika chache.

Ndiyo maana mwalimu asimwaibishe aliyekosea. Mshale uliogeuka ukionekana katika karatasi waweza kugeuzwa. Uliofichika hubaki na mtu mpaka kitandani mwa ugonjwa, ambapo atahesabu matendo yake na kuona hayatoshi.

8. Mipaka ya njia hii

Haifai kuisifu njia yoyote kupita kiasi. Ramani ya dhana ina mipaka yake.

Kwanza, huchukua muda. Mwalimu mwenye vijana 60 na saa moja kwa juma hawezi kuchora ramani kila kipindi. Ramani moja kwa kila sehemu kuu ya Katekisimo yatosha.

Pili, unadhifu waweza kudanganya. Ramani yenye visanduku vilivyonyooka na maandishi mazuri yaweza kuwa na viungo vitupu kama “ni” na “ina” kila mahali. Mwalimu asome viungo kabla ya kutazama mchoro.

Tatu, kikundi kizima chaweza kukubaliana katika kosa. Kukubaliana si ushahidi wa ukweli, na kwa sababu hiyo hatua ya kufungua Katekisimo na Maandiko isirukwe kamwe.

Nne, na hili ni la theolojia zaidi, si kila kitu cha imani chaweza kutiwa ndani ya kisanduku. Akichora Utatu Mtakatifu kwa miduara na mishale, kijana asije akadhani amemchora Mungu. Ramani huonyesha jinsi tunavyokiri. Haimwonyeshi Yule tunayemkiri. Na sala haifundishwi kwa ramani, bali kwa kusali.

Hitimisho

Tumeona kwamba ramani ya dhana haiji kuchukua mahali pa kukariri Katekisimo. Inakuja baada yake, katika hatua ambayo Luther aliitengea maana. Nguvu yake imo katika neno la kiungo, kwa sababu neno hilo humlazimisha mwanafunzi kusema anachoamini kuhusu uhusiano wa jambo na jambo. Na ikichorwa kwa kushirikiana, kila kijana hulazimika kuitetea sentensi yake mbele ya wenzake kabla hajaitwa kuitetea mbele ya watu wasiomtakia mema.

Wanafunzi wa vyuo vyetu vya theolojia wangefanya vema kuijaribu kwanza wao wenyewe, kwa mfano katika kifungu kimoja cha Ungamo la Augsburg, wakiwa wanne wanne, vitabu vikiwa vimefungwa. Watakaogundua kwamba hawakubaliani kuhusu mshale mmoja wasihuzunike. Ni heri mabishano hayo yafanyike juu ya karatasi chuoni kuliko kufanyika miaka kumi baadaye mbele ya usharika uliokuja kutafuta faraja. Nao walio kazini tayari wanaweza kuanza Jumamosi ijayo kwa swali moja, vipande tisa vya karatasi na vijana wanne.